Mkono Ambao Sikuutambua

Vijana wa siku hizi mkiniletea mpini mliouchonga, mnataka niutazame. Mnauinua dirishani upate mwanga, mnasema, "Babu, ona ulivyonyooka." Mimi nafumba macho kwanza. Mpini haukuchongwa kwa ajili ya macho. Naushika, nauzungusha mkononi mara mbili, na nikifumbua macho huwa nimeshajua kama nikusifu au nikurudishe kwenye benchi. Wengi wenu nimewarudisha, na najua mnavyonisema nikishageuka.

Nimechonga mipini tangu ujana wangu. Ya majembe, ya shoka, ya sururu za wachimba dhahabu kule Geita, ya visu, ya miiko ya kusongea ugali. Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya watu waliokaliwa na baridi yabisi: mama ambaye vidole vyake havifungi asubuhi, mzee ambaye goti limemgomea. Sasa yabisi yenyewe imehamia kwangu. Imeingia vidole vyote isipokuwa gumba la kushoto, ambalo sijui liliipa hongo gani. Kwa hiyo nisikilizeni, maana leo nasema kama fundi na kama mgonjwa.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Sudi wa mjini Shinyanga. Mama yake Mnyamwezi, baba yake mtu wa pwani aliyekuja bara na misafara akasahau kurudi. Ijumaa alivaa kanzu nyeupe. Siku nyingine suruali yenye viraka magotini. Nilifika kwake reli ya kwenda Mwanza ikiwa bado mpya, watu wakienda stesheni kutazama treni tu, bila safari yoyote. Mimi, Jilala, nilijiona najua kuchonga kwa sababu nyumbani nilikuwa nimechonga fimbo za kuchungia ng'ombe.

Kazi ya kwanza aliyoniachia peke yangu ilikuwa mpini wa jembe la mzee mmoja mwenye vidole vilivyovimba. Niliusugua kwa majani ya msasa siku nzima mpaka ukang'aa, kisha nikaupaka samli. Mzee akaenda nao shambani asubuhi. Jua halijapanda, huyo amerudi. Jembe lilikuwa limemponyoka likaukosa mguu wake kidogo sana.

Fundi Sudi hakunigombeza. Alinipaka samli viganjani, akanipa kibuyu kilichojaa maji, akaniambia nikipeleke nyumbani kwake. Nilipofika mikono ilikuwa inatetemeka.

"Unaona?" akasema niliporudi. "Kitu kikiteleza, mkono unakamua. Mkono mzima ukikamua unachoka. Mgonjwa je? Wewe umemchongea mzee kilio."

Tangu siku hiyo sijang'arisha mpini wa mgonjwa. Yashikeni haya. Mpini wa mkono wenye yabisi uwe mnene, unene wa hindi likiwa bado na maganda yake, kwa sababu vidole visivyofunga vinahitaji kitu cha kuvifuata huko vilikoishia. Ukiwa mnene utakuwa mzito, basi tafuta mti mwepesi, ule wanaochongea ngoma. Mti mwepesi unachakaa upesi, uvishe ngozi. Chukua ngozi ya mkia wa ng'ombe ikiwa mbichi, ivutwe nzima bila kuipasua, uivishe kwenye mpini, uiache ikauke. Inabana yenyewe, haitelezi hata kwa jasho. Fundi Sudi alikuwa na urafiki na kila mchinjaji wa mji kwa ajili ya mikia tu.

Tulitengeneza na mengine. Isumbi, kile kigoda chetu cha Kisukuma, tulikirefushia miguu ili mtu wa magoti aketi bila kujiangusha na ainuke bila kuitisha watu. Kibuyu cha maji tulikitundika kwa kamba kwenye mti wenye panda, mama akikisukuma kwa kiwiko maji yanamwagika, hana haja ya kukinyanyua. Mlango wa komeo tuliufungia kitanzi cha ngozi, mtu anaingiza mkono mzima na kuvuta. Bibi mmoja wa Isaka aliyefungiwa kitanzi hicho alikuwa anafungua na kufunga mlango wake siku nzima bila sababu. Watoto wake walikuja kutulalamikia.

Lakini siri kubwa ya Fundi Sudi ilikuwa udongo. Alikuwa na usemi wake: "Mkono kwanza, mti baadaye." Alikanda udongo wa kichuguu, akauviringisha kwenye kijiti, akampa mteja aushike vile anavyoshika akiwa kazini. Si kushika kwa adabu kama mtu anayesalimiwa. Kushika hasa, kwa kulima au kusonga. Udongo ukikauka una mkono wa mtu ndani yake: hapa kidole kinasukuma, hapa hakifiki, hapa anaogopa. Kisha unachonga mti kwa kuufuata. Tulikuwa na ubao mzima ukutani wenye mikono ya watu inayokauka, na baada ya mwaka mmoja niliweza kuutazama udongo tu nikasema huyu ni mzee wa Tinde, huyu ni yule mama muuza karanga. Nilijivunia sana jambo hilo. Mbele ya wateja nilikuwa najionyesha.

Sasa fikirini. Mnajua Usukumani watu wanavyoogopa kitu chao kubaki kwa mtu mwingine, iwe nywele, iwe ukucha. Karakana yenye mikono ya watu ukutani! Maneno yalianza. Ndipo Fundi Sudi akaweka sharti: mpini ukishakamilika, udongo unavunjwa mbele ya mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayeuvunja. Watu wakatulia. Wengine walivunja kwa furaha mpaka unajiuliza wana ugomvi gani na mikono yao.

Nimezunguka sana, najua. Mtu akizeeka haingii nyumbani moja kwa moja.

Nilimwoa Milembe, binti wa upande wa Tinde. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa na mtoto mmoja, Kabula, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Mama yake Milembe alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye mji wa marehemu mumewe, yaani boma lake na zizi lake. Na hapa lazima niwaeleze, maana nyinyi siku hizi mnataniana na wakwe zenu mpaka najificha uso. Kwetu, siku zile, mama mkwe hatazamwi. Nikimwona anakuja njiani, naingia porini mpaka apite. Sili alipo. Mkono wake sikuwahi kuugusa wala kuuangalia, na yeye alinikwepa vivyo hivyo. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na tuliiona tamu.

Yabisi ikamshika mikono. Alificha. Kaka yake Milembe, Luhende, alikuwa na kazi machimboni upande wa Geita na amejenga huko. Alipokuja kumsalimu mama yake alikuta kila siku wanakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ambavyo ni kuchemsha tu, havina kusonga. Siku ya tatu akauliza.

"Mayu, ugali huli?"

"Sina hamu nao."

"Nyoosha mikono nione."

Hakuinyoosha. Luhende hakuwa mtu mbaya, alimpenda mama yake mpaka hasira zikamtoka. "Nikirudi baada ya mavuno nikukute unajisongea ugali wako. La sivyo nakubeba, tunakwenda wote Geita. Siwezi kulala huko nikijua mama yangu anashinda njaa hapa."

Milembe alikuja karakanani na habari hiyo, Kabula mgongoni. Alisema mama yake hajala tangu Luhende aondoke. Baba yao alizikwa kwenye zizi la ng'ombe wake, kama ilivyokuwa desturi kwa mwenye mji, na mama alikuwa na tabia ya kupita pale kila asubuhi kumpa habari.

"Ameniuliza, akienda Geita, nani atamwambia baba kwamba mvua imenyesha," Milembe akasema. "Na kule atapakuliwa chakula, Baba Kabula. Mama anasema mwanamke asiye na moto wake ni mgeni hata kwa mwanawe. Msaidie."

Kwa nini nisimsaidie? Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikanda udongo, nikauviringisha kwenye kijiti, nikampa Milembe ampelekee mama yake aushike. Ulirudi umekauka vizuri. Nikautazama. Vidole vimezama barabara, mshiko imara, ila kidole cha mwisho kimekaa mbali na wenzake. Nikasema kumbe ugonjwa bado mdogo, umeingia kidole kimoja tu. Fundi mwenye akili angeshtuka hapo hapo.

Nilichonga siku tatu. Kile kidole cha mwisho nilikichimbia kitako chake peke yake, kikae kwa raha. Mwiko ukaenda Tinde, jibu likarudi: mama anashukuru sana, mkwe wake ana mikono ya baraka. Nilitembea mjini kama jogoo.

Mwezi ukapita, na wa pili. Siku moja Fundi Sudi akaniuliza, "Ugali wa mkweo unakuwaje?"

"Alisema anashukuru."

"Sikukuuliza alichosema. Mkwe gani atakwambia kazi yako mbaya? Lete mwiko wake wa zamani. Na huo mpya."

Miiko ikaletwa. Ule wangu ulikuwa safi. Hauna alama ya moto, hauna unga uliogandia. Ulikuwa umetundikwa ukutani kwa heshima. Ule wa zamani Fundi Sudi aliugeuza polepole, kisha akanipa, akanifumba macho kwa kitambaa. Nikaupapasa. Mahali pa vidole palikuwa na vumbi na ukavu, hapajaguswa siku nyingi. Palipolainika kwa kutumika palikuwa juu kabisa, pande mbili, kama vile mtu aliubana katikati ya viganja viwili vilivyo wazi.

"Huyu hafungi vidole kabisa," nikasema.

"Basi nani alishika udongo wako?"

Fundi Sudi aliuchukua ule udongo, uliokuwa bado ubaoni kwa kuwa mwenyewe hakuja kuuvunja, akautazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kukaa. Kisha akaondoka kwenda kutawadha, akaniacha nao.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Milembe uani anamenya karanga. Nikaketi mbele yake nikiwa na hasira, tayari kuuliza. Macho yangu yakaangukia mkono wake. Kidole cha mwisho kilikuwa kimekaa mbali na wenzake. Alijikata na kisu cha kuvunia mtama alipokuwa msichana, kikapona kimepinda. Alinisimulia mwenyewe, mwaka tuliooana.

Nikauweka udongo kwenye mkeka. Hakungoja kuulizwa. Aliushika, ukamwenea.

"Mama alikataa," akasema. "Alisema mkwe wangu hawezi kuushika mkono wangu, hata ukiwa wa udongo. Angeuweka kifuani, angeupapasa. Ni aibu. Mimi nikaona nikirudi na udongo mtupu utadhani amekudharau. Nikasema mkono wangu si umetoka kwake?"

"Ungeniambia."

"Nilidhani utaujua." Hakuwa anacheka. "Siku ya kwanza nikangoja. Siku ya pili nikangoja. Unakichonga kidole changu, unakipapasa, halafu unaniambia, maskini mama yako, kidole chake kimepinda."

Wajukuu zangu, nimewahi kuangukiwa na gogo la mninga mguuni. Halikuniuma kama hilo. Niliujua mkono wa kila mgeni aliyeingia karakanani, na ule ulioniwekea maji ya kunawa kila siku kwa miaka mitatu nikaupita.

Yeye ndiye aliyeniokoa. Alitazama udongo, akasema, "Sharti lenu si mwenyewe auvunje? Mwenyewe nipo." Akaupiga kwenye jiwe. Ukawa vipande, kuku wakaja mbio kudonoa wakidhani ni chakula, na hapo sote tukaangua kicheko. Laiti ningejua. Ningeushika mkono wake kabla haujashuka kwenye lile jiwe, ningesema sharti na lisubiri.

Basi kazi ikaanza upya. Mkono wa mama mkwe sikuweza kuuona, lakini mti wa zamani ulikuwa umeshaniambia yote, na mti hauna ukwe. Nilichukua matambara nikamfunga Milembe vidole vyote, asiweze kuvikunja, nikamwambia asonge ugali. Alinitukania ukoo mzima. Siku ya kwanza mwiko ulimtoka ukaangukia majivuni. Ndipo nikauwekea kichwani mti wa kukingama, kama pembe mbili za ng'ombe, aulalie kwa viganja na kuusukuma kwa mabega. Siku ya pili pembe zikamchoma kifuani, nikazifupisha. Siku ya tatu ugali ulipokaza, chungu chenyewe kikaanza kuzunguka juu ya mafiga, na hana mkono wa kukishikia. Nikapigilia mti wenye panda kando ya moto, ukakibana shingoni. Siku ya nne akasonga mpaka mwisho. Ugali ulikuwa na madonge, tukaula wote.

Nikiulizwa siku gani za maisha yangu ningerudishiwa, nitataka hizo nne. Sitaki nyingine. Milembe na matambara yake vidoleni, unga puani, ananiita fundi wa kuchonga fimbo.

Baada ya mavuno Luhende alirudi kwa baiskeli. Sisi tulikuwa tumeshafika Tinde na mwiko wenye pembe na panda yake. Mimi nilikaa nje ya uzio wa minyaa, mahali pangu kama mkwe, macho yangu yakitazama njia na masikio yakiwa jikoni. Nilisikia kuni zikivunjwa. Nilisikia maji yakichemka, kisha unga ukimwagwa. Mwiko ukaanza. Mwanzoni ulikwenda haraka, kisha ukawa mzito, pwa, pwa, na chungu hakikucheza hata kidogo. Halafu mwiko ukasimama.

Nilikuwa nimeshainuka nusu, heshima au si heshima. Nikamsikia Milembe akisema, "Mama, niache nimalizie," na mama yake akamjibu kwa ukali neno ambalo sikulipata. Mwiko ukaanza tena, polepole, mpaka ukagonga ukingo wa chungu mara tatu, vile wanawake wanavyougonga wakimaliza.

Baada ya kula Luhende alitoka akaketi karibu yangu.

"Shemeji, ule mwiko wenye pembe umeuchonga wewe?"

"Ndiyo."

"Ugali una madonge mawili."

"Mawili tu?"

"Mawili." Akafuta macho, akasema moshi wa jikoni kwa mama yake haujawahi kumpenda.

Aliondoka kwenda Geita peke yake. Na mama mkwe, kutoka upande wake wa uzio, akamwinua Kabula na kupaza sauti: "Kabula, mwambie baba yako bibi ameshiba kwa mkono wake mwenyewe." Kabula hakuwa anajua hata kusema maji. Mimi nikamjibu Kabula kwamba nimesikia. Mama mkwe aliishi kwenye mji wake na kumpa mumewe habari za mvua mpaka siku yake ilipofika, na moto wake ulikuwa ukiwaka.

Na ule mwiko wa kwanza? Ulikuwa wa mkono wa Milembe, basi akauchukua Milembe. Aliusongea maisha yake yote. Nilikwenda Geita kuchonga mipini ya sururu, nikarudi, nikaukuta. Watoto wakazaliwa, wakaoa na kuolewa, wakaondoka, nao upo. Ameniacha miaka minne sasa. Nilisema hapa nitawaeleza kama fundi na kama mgonjwa. Nilikuwa sijasema kama mjane wa kiume, na hiyo ndiyo inayouma zaidi. Namkumbuka mno Milembe. Nikisikia mwanamke anagonga mwiko ukingoni mwa chungu, popote, nageuka.

Kabula yuko Mwanza. Mwezi uliopita alikuja, akanikuta nakula michembe. Akaniambia nyoosha mikono nione. Nilicheka, yeye hakujua kwa nini. Amesema anarudi Jumamosi, na asiponikuta najisongea ugali, nafunga mizigo.

Msinihurumie. Nimeshachonga mwiko wenye pembe, uko nyuma ya mlango, na panda nimeipigilia kando ya moto. Jumamosi Kabula atakula ugali usio na donge hata moja, na atarudi Mwanza peke yake.

Lakini siku ambazo hakuna wa kunitazama, nachukua ule wa Milembe. Ni mwembamba mno kwa vidole vyangu, na vile vitako vyake vinanikuta penye vifundo vilivyovimba. Nilishaloweka ngozi ya mkia wa ng'ombe ili niuvishe, kisha nikaitoa kwenye maji nikaivisha ufagio. Fundi Sudi angenirudisha kwenye benchi. Mwiko huu unaniumiza, na najua kasoro zake zote kwa majina. Nafumba macho kwanza. Naushika, naweka kidole changu cha mwisho pale mbali na wenzake, na sasa naujua mkono huo ni wa nani.